Bobby, Peeler, Old Bill: maswali yenu kuhusu majina ya polisi wa Uingereza

Juzi niliandika kwa kifupi tu kwamba polisi wa London mpaka leo wanabeba jina la waziri mmoja wa zamani, basi maswali yakamiminika, wengine mnauliza vitu vya maana wengine mnanichokoza tu, sawa, yote nimeyasoma na haya nliyoyachagua nayajibu moja moja. Mpangilio msiutafute sana.

Kaka, mi naangalia sana zile tamthilia za kizamani za Kiingereza, kila askari anaitwa Bobby. Ni cheo au ni jina la mtu? (Msomaji, Morogoro)

Ni jina la mtu, ndugu yangu. Mtu mwenyewe ni Robert Peel, alikuwa waziri wa mambo ya ndani wa Uingereza, na Waingereza wakimfupisha Robert wanapata Bob, wakimdekeza zaidi wanapata Bobby. Mwaka 1829 akapitisha bungeni sheria ya kuunda polisi wa jiji la London, na tarehe 29 Septemba mwaka huohuo jioni askari wa kwanza wakaingia mtaani. Watu wakawa wanasema hao ni vijana wa Bobby, baadae ule "vijana wa" ukadondoka likabaki Bobby peke yake.

Sasa usije ukamuona kichwani yule askari wa kofia ndefu ya mviringo unayemjua wewe, hiyo ilikuja miaka ya 1860. Hawa wa mwanzo walivaa koti la buluu la mkia na kofia refu la kibwanyenye, mkononi rungu la mti, na kifaa cha mbao cha kuzungusha kinachopiga kelele ili kuita wenzao, filimbi ilikuwa bado kabisa. Mshahara shilingi 21 kwa wiki (ndio, shilingi, hiyo yetu ilitokea hukohuko). Na yule aliyepewa namba 1 kabisa kwenye daftari, jamaa anaitwa William Atkinson, alifukuzwa siku ya kwanza tu kwa kulewa, yaani hata jua halijakaa sawa mwenzetu keshamaliza kazi ya upolisi. Na hakuwa peke yake, miaka ile ya mwanzo walevi walitimuliwa wengi mno.

Peeler nalo ni mtu yuleyule, ila hili limetoka kwenye jina la ukoo. Na ndilo lililotangulia, maana kabla ya London Peel alikuwa mkubwa wa serikali kule Ireland, akaunda kikosi cha kulinda amani mwaka 1814, Waayalandi wakakiita Peelers, lile jina likavuka bahari kuja London baadae. Hiki kipande cha Ireland kiwekeni akilini, ntakirudia kule chini.

Bobby ni jina tamu hivo, ina maana watu waliwapenda? (Dada, Mombasa)

Wapi, dada yangu! Waliwachukia vibaya mno. Utamu wa hilo jina umekuja na wakati. Miaka ile ya mwanzo walikuwa wanaitwa genge la damu la Peel, wanaitwa mashetani wa buluu, wanaitwa crushers maana yake waponda watu. Mwingereza wa wakati ule akisikia neno polisi alikuwa anafikiria Ufaransa, anafikiria majasusi wa serikali wanaosikiliza mlangoni kwako, akasema sisi hatutaki mambo hayo. Ndo maana hata sare ikachaguliwa buluu kwa makusudi, kwa sababu jeshi lilivaa nyekundu na serikali ilitaka wananchi waone kwamba huyu sio mwanajeshi.

Haikusaidia. Na hapa ndo kuna jina ninalolipenda kuliko yote, na wewe wa pwani utalielewa haraka kuliko mtu wa bara. Wanajeshi kwa ajili ya zile koti nyekundu walikuwa wanaitwa lobsters, yaani kambakoche. Sasa kambakoche wa kule kwao akiwa mbichi ana rangi ya buluu nzito, ukimtia kwenye maji ya moto ndo anakuwa mwekundu. Basi polisi wa buluu wakaitwa raw lobsters, kambakoche wabichi. Umeiona hiyo? Maana yake ni kwamba huyu mnayetuambia sio mwanajeshi ni yuleyule, bado tu hajachemshwa. Mtu aliyelitunga hilo alikuwa na akili na hasira kwa pamoja, na wala hakuhitaji kuandika makala ndefu ya siasa.

Na haikuwa maneno matupu. Mwaka 1833 kulikuwa na mkutano wa siasa sehemu inaitwa Coldbath Fields, polisi wakaingia kuuvunja, konstebo mmoja Robert Culley akachomwa kisu akafa. Wananchi waliokaa baraza la uchunguzi wakasema mauaji yale ni ya halali. Halali! Polisi kafa kazini na baraza linasema aliyemuua hana kosa, na mtaani wale wajumbe wakashangiliwa kama mashujaa. Uamuzi ulikuja kutenguliwa na mahakama ya juu lakini ujumbe ulishafika. Kwa hiyo dada ukisikia Bobby ujue ni jina lililolainika taratibu kadri watu walivyozoea kumuona yuleyule askari anapita mtaa uleule kila siku bila bunduki, wanamjua, anawajua watoto wao.

Nimesoma mahali kwamba "cop" ni kifupi cha maneno ya Kiingereza "constable on patrol". Wengine wanasema ni vifungo vya shaba. Ipi ni ipi? (Msomaji, Nakuru)

Zote mbili za uongo bro. Hiyo ya kufupisha maneno ni stori ya watu wa siku hizi, karne ya 19 watu wa mtaani hawakuwa na kawaida ya kutengeneza maneno kwa herufi za mwanzo hivo. Ya vifungo inaingia akilini kidogo maana copper kwa Kiingereza ni shaba kweli, ila ndo imetoka kwenye kufanana kwa sauti tu. Ukweli ni mwepesi: kulikuwa na kitenzi cha mtaani "cop", maana yake kudaka, kukamata, kilikuwepo miaka zaidi ya 100 kabla hata Peel hajaanzisha polisi wake. Anayekamata ni copper. Baadae copper ikakatwa tena ikawa cop. Basi, hakuna zaidi.

Mimi ni mwalimu wa historia Kigoma. Kabla ya hao wa Peel London ilikuwa inalindwa na nani, na hao nao walikuwa na majina?

Mwalimu shikamoo. Walikuwepo, na majina walikuwa nayo, tena ya dharau.

Usiku kulikuwa na walinzi wa mtaa, watu wazima wengi wao, mtu anapewa taa, rungu na kibanda cha kukaa, kazi yake kuzunguka na kutangaza saa kwa sauti. Hawa waliitwa Charlies, na maelezo yanayotolewa sana ni kwamba ni kwa sababu ya mfalme Charles wa Pili, ambaye wakati wake ulinzi wa usiku London ulipangwa upya. Vijana matajiri waliolewa walikuwa na mchezo wao, wanamvizia mzee kasinzia ndani ya kibanda wanakipindua mlango ukiwa chini, mzee anabaki humo anapiga kelele mpaka aje mtu. Mchezo huo ulikuwa na jina lake kabisa na ulichorwa kwenye picha za wakati ule, watu wanacheka. Mi sicheki sana, yule ni mzee wa watu anatafuta riziki.

Halafu kulikuwa na wale wa mahakama ya Bow Street, walianzishwa na hakimu Henry Fielding mwaka 1749, huyo huyo mtunzi wa riwaya. Wenyewe wakajulikana kama Bow Street Runners, wakimbiaji, ingawa inasemekana wao hilo jina hawakulipenda, waliliona linawashusha. Na doria yao ya farasi ilivaa vizibao vyekundu, watu wakawapa jina la ndege fulani mdogo wa Ulaya mwenye kifua chekundu, Robin Redbreast. Kikosi cha Runners kilifungwa mwaka 1839, miaka kumi baada ya polisi wa Peel kuingia.

Old Bill ni nani sasa? Manake huyu naye anatajwa kila filamu ya majambazi wa London. (Msomaji, Dodoma)

Hapa mzee wangu umegusa pabaya, maelezo yako zaidi ya kumi na yanapigana yenyewe kwa yenyewe. Kuna wanaosema ni mfalme William wa Nne kwa sababu Bill ni kifupi cha William na alishika ufalme 1830, polisi wakiwa bado wapya. Kuna wanaosema ni magari ya kikosi cha upelelezi yaliyokuwa na namba zinazoanzia BYL. Kuna wanaosema ni muswada wa sheria, maana muswada nao kwa Kiingereza ni bill.

Inayonishawishi mimi ni ya vita kuu ya kwanza. Kulikuwa na mchoraji Bruce Bairnsfather, alichora katuni ya askari wa mstari wa mbele, mzee wa masharubu makubwa yaliyoning'inia, jina lake Old Bill, na ilipendwa vibaya sana. Mwaka 1917 serikali ikamtumia huyo huyo kwenye matangazo, safari hii amevaa sare ya polisi wa akiba. Polisi wengi wa kipindi kile nao walikuwa wanajeshi waliorudi na masharubu yaleyale. Haijathibitishwa, ila angalau hapo kuna sura ya mtu ambayo London nzima iliifahamu, kuliko hizo za namba za gari.

Wanaoita polisi nguruwe si ni mahipi wa Marekani miaka ya sitini? (Msomaji, Arusha)

Mahipi walilipiga promo tu. Kamusi ya maneno ya wahuni iliyochapwa London mwaka 1811 tayari inalo, pig ni afisa wa polisi, na imewataja hao hao wa Bow Street. 1811! Marekani wameliokota wakalirudisha kwa mwenyewe likiwa na bango na maandamano.

Sisi Zanzibar tulipokuwa watoto tulikuwa tunaongea kinyume ili wakubwa wasielewe. Waingereza wana kitu kama hicho? (Msomaji, Ng'ambo)

Ahaa, swali nililokuwa nalisubiri. Wanacho, na polisi ndo waliosababisha sehemu kubwa ya maneno hayo.

Wachuuzi wa London wa karne ya 19, wale wa mikokoteni ya matunda na mboga na samaki, walikuwa wanasumbuliwa na polisi kila kukicha, songa mbele hapa sio pa kuuzia, si unajua mambo hayo, wamachinga wetu wangeelewana nao bila mkalimani. Wakawa wanageuza maneno nyuma-mbele. Neno police likisomwa kutoka mwisho linakuwa ecilop, kwenye ulimi likalainika likawa esclop, mwisho likabaki slop tu. Mwandishi wa habari Henry Mayhew aliyewafuatilia watu masikini wa London aliliandika katikati ya karne ile, pamoja na sentensi waliyokuwa wanaonyana, "cool the esclop", ambapo cool ni look imegeuzwa: angalia polisi huyo. Tofauti na kinyume chenu ni kwamba nyie mnahamisha silabi, wao wanageuza kama lilivyoandikwa kwa herufi, ambayo inashangaza kidogo kwa sababu wengi wao hata kusoma hawakuwa wanajua vizuri.

Kuna njia nyingine ya kule mashariki ya London, ya vina. Unachukua maneno mawili yanayomalizia kwa sauti moja na neno unalotaka kulificha, halafu unaacha lile lenye kina unatamka la mwanzo tu, mgeni anapotea mazima. Mwaka 1919 polisi wa London waliunda kikosi cha kukimbiza majambazi, kinaitwa Flying Squad, yaani kikosi kinachoruka, na mwanzoni walikuwa wanajificha ndani ya mkokoteni wa farasi uliotobolewa matundu ya kuchungulia, flying yenyewe ndo hiyo. Squad ina kina na Todd, na Sweeney Todd ni yule kinyozi muuaji wa hadithi za kutisha, kwa hiyo kikosi kikawa The Sweeney. Miaka ya sabini ikatoka tamthilia ya TV kwa jina hilo, na hapo siri ikawa sio siri tena, kila mtu anasema.

Magari je? Hayana majina? (Msomaji, Mbeya)

Yanayo. Gari jeupe lenye mstari mwekundu ubavuni liliitwa jam sandwich, mkate wa jamu. Vigari vidogo vya doria vya miaka ya sitini vya rangi mbili vikaitwa panda. Na gari la kubebea wafungwa ni Black Maria, hili lilianza Marekani kwanza ndo likafika London, na kuna stori ya mama mmoja mweusi mwenye nguvu wa Boston anaitwa Maria Lee aliyekuwa anawasaidia polisi kubeba walevi, stori nzuri ila ushahidi wake mwembamba. Kenya hiyo Maria ipo mpaka leo, wengine wanamwita Mariamu kabisa. Sisi Bongo tuna karandinga na difenda, na difenda ni gari lililotoka hukohuko Uingereza, kwa hiyo tuko sawa.

Shikamoo. Mwanangu ana kitabu cha watoto kina polisi anaitwa Plod, ni kweli Waingereza wanawaita hivyo polisi wa kweli? (Mama, Kisumu)

Marahaba. Kweli kabisa. Plod ni polisi wa kwenye hadithi za Noddy za Enid Blyton, zilianza 1949, na neno lenyewe kwa Kiingereza ni kutembea kwa kujikokota, hatua nzito, hana haraka. Watu wazima wakalichukua kumwita polisi mzito wa kufikiri. Manchester nao wana Dibble, hilo ni la polisi wa katuni ya Top Cat ya Marekani ya 1961, yule aliyekuwa anahangaishwa na mapaka ya uchochoroni. Mnaona wanavyofanya, polisi anayekukamata kweli unampa jina la polisi wa katuni, hasira inapungua kidogo.

Kuna aliyeniuliza rozzer pia. La mwisho mwisho wa karne ya 19, asili yake wataalamu wenyewe hawajakubaliana, tuliache.

Waingereza walitutawala miaka yote ile, mbona Bobby halikufika kwetu? (Msomaji, Iringa)

Hili ndo swali la wiki, na jibu langu ni kwamba halikufika kwa sababu Bobby mwenyewe hakuletwa.

Nlisema hapo juu Ireland muiweke akilini. Peel alikuwa na polisi wa aina mbili. Wa London alitembea na rungu, alikaa mtaani na raia. Wa Ireland alibeba bunduki, alilala kambini, na kwa kawaida hakupangiwa wilaya ya kwao ili asije akawaonea huruma ndugu zake. Waingereza walipokwenda kuunda polisi kwenye makoloni waliangalia zaidi ule mfano wa Ireland, na ukiwauliza wazee wetu waliokuwepo enzi za kodi ya kichwa watakueleza ni polisi gani waliyekutana naye, yule wa kukusalimia na kukuonyesha njia au yule wa kuja alfajiri na bunduki kuuliza risiti. Mtu wa namna hiyo humpi jina la kudekeza.

Ndo maana jina tulilobaki nalo sisi ni la kijeshi. Afande limetoka efendi ya Kituruki, yaani bwana, na lilitufikia kupitia wanajeshi wa Kisudani waliochukuliwa Misri, Mjerumani Wissmann aliwaleta 1889 kuja kupigana na kina Bushiri pwani. Mpaka leo unalisikia Tanzania, Kenya na Uganda. Hilo ndo la kumwambia usoni. La kumsema akishapita ni jingine, Nairobi ni karao, Bongo ni njagu, na hayo hutakuta mtu anayatamka mbele ya mwenyewe akiwa na akili timamu. Bobby ni jina ambalo Mwingereza anaweza kumwambia polisi usoni na wote wakacheka. Sisi hilo la katikati hatuna, na mi naona lawama sio ya lugha.

Nipo Uingereza masomoni mwaka wa kwanza. Nikimwita polisi Bobby atakasirika? Na vijana wa hapa wanasema nini? (Mwanafunzi, Leicester)

Hatakasirika mdogo wangu ila atakuona umetoka kwenye sinema. Bobby sasa hivi wanalitumia zaidi magazeti na wanasiasa wakiahidi kuongeza askari wa miguu mtaani. Vijana wa mijini, London hasa, wanasema feds, jina la watu wa FBI ya Marekani, wameliokota huko wakati hata hiyo FBI hawana, na wanasema boydem, ambalo ni la Wajamaika. Ukipanda kaskazini Liverpool utasikia bizzies, wazee wao walikuwa wanasema scuffer. Glasgow ni polis tu, karibu sawa na la kwetu. Na ukienda Belfast utakuta Peelers lipo hai linatumika kila siku, zaidi ya miaka 200 tangu huyo Peel aondoke na huko kwao hajasahaulika.

Wewe ukisimamishwa sema officer, mikono ionekane, na kadi ya chuo uwe nayo mfukoni.